Dogo, kwenye usaili sema "nilifanya"

Jumamosi ya juzi nilikuwa nafanya intavyuu ya majaribio na mpwa wangu, yuko mwaka wa tatu Mlimani, mimi nimekaa jikoni kwangu huku Leeds, Uingereza, yeye yupo hosteli na bando linakata kila baada ya dakika tano. Tulishakubaliana kwamba kwa nusu saa mimi sio anko, mimi ni paneli. Nikamwambia haya karibu, jitambulishe. Akaanza, "Shikamoo anko." Nikanyamaza nikijua nimeshaingia kwenye uigizaji, naye akanyamaza anasubiri marahaba yake, tukatazamana pale kwenye simu mpaka nikashindwa nikaitikia.

Basi akajieleza. Jina, alikozaliwa, shule ya msingi, fomu foo, fomu siksi kombi ya ECA, wazazi, ndugu wangapi. Dakika tatu nzima na hamna hata sehemu moja ambayo kuna kitu amekifanya yeye. Nikamuuliza, fildi, yaani yale mafunzo ya vitendo kazini, ulifanya nini? "Tulikuwa tunasaidia mambo ya ofisini." Mambo gani? "Ya mafaili mafaili." Nikambana weee, ndio ikatoka kwamba yeye peke yake aligundua risiti za miezi mitatu haziendani na daftari la stoo, akakaa wiki nzima akaziingiza upya kwenye Excel, na tangu hapo bosi akitaka hesabu ya stoo anamuita yeye. Nikamwambia sasa hiyo si ndio stori yenyewe, mbona umeificha? Akanijibu, "Anko nikisema hivyo si ntaonekana najisifu."

Sikumcheka maana hata mimi ilinikuta. Intavyuu yangu ya kwanza huku ilikuwa kampuni ya kusafirisha mizigo, na mama aliyekuwa ananihoji alinikatiza kama mara tatu, "samahani, ukisema sisi unamaanisha nani?" Kila kitu nilikuwa nasema tulifanya, tulipanga, tulimaliza. Kwetu huo ndio uungwana, hata kama ulikesha mwenyewe wenzako wamelala utasema tulifanya, na wenzako watakuheshimu kwa hilo. Yule mama alichosikia ni kwamba kuna watu walifanya kazi na mimi nilikuwa karibu. Kazi sikupata.

Kitu wenzetu wametuzidi kwenye hili ni kwamba usaili wanaufundisha, basi. Chuo nilichosoma huku kuna ofisi nzima ya mambo ya ajira, unaenda na CV yako mtu anaichana mbele yako bure kabisa, halafu unabuki intavyuu ya majaribio. Yangu walifuta picha, tarehe ya kuzaliwa, dini na "hali ya ndoa", maana sheria yao ya usawa ya 2010 inakataza kubagua mtu kwa vitu kama umri, dini na ndoa, kwahiyo mwajiri hata kuviona hataki. Ikabaki kurasa mbili. Na majibu wanakufundisha mtindo wanaouita STAR: hali ilikuwaje, ulitakiwa ufanye nini, wewe ukafanya nini, ikaishaje. Mwanafunzi wa huku mwezi wa tisa au wa kumi wa mwaka wa mwisho ameshaanza kutuma maombi, kwetu mtu anaikumbuka CV siku ya kurudisha joho.

Ila msidhani huku ni peponi. Nimeshafanya intavyuu na kamera, yaani hamna mtu upande wa pili, swali linatokea kwenye skrini, unapewa sekunde 30 za kufikiri na dakika mbili za kujibu, na saa inahesabu kurudi nyuma huku unajiona uso wako mwenyewe unavyotoka jasho. Wiki tatu baadae imeili, asante kwa muda wako. Kheri paneli ya watu watano waliokunja sura, angalau unaona nani kakubali kwa kichwa.

Najua kuna atakayekuja na hoja ya koneksheni na mimi sibishi, na hesabu zenyewe zinatisha. 2014 Uhamiaji walitangaza nafasi 70 wakajaa watu zaidi ya 10,000 Uwanja wa Taifa, 2025 mamlaka ya mapato TRA nafasi 1,596 waombaji zaidi ya 135,000. Hamna mazoezi yanayoongeza nafasi. Lakini kuna vijana wanapita mchujo wa kuandika, wanapambana na nauli, wanafika kwenye mahojiano wanaangukia pale kwa sababu toka wazaliwe hamna mtu amewahi kuwauliza "wewe ulifanya nini" wakajibu kwa sauti. Hilo halihitaji bajeti ya wizara, watu wanne wa hosteli moja wanaweza kuulizana jioni badala ya kubishana Simba na Yanga.

Na wala simaanishi mkopi vya huku vyote. Ukituma serikalini zile kurasa mbili za Kizungu umekwisha, kule wanataka maelezo binafsi yanayojitosheleza, wadhamini watatu, barua uliyosaini, na vile vikaratasi vya matokeo ya fomu foo hawavipokei, wanataka cheti. Halafu kuna haya majibu ya kukariri ya YouTube, eti udhaifu wangu ni kwamba napenda kila kitu kiwe sahihi kupita kiasi. Paneli imeshayasikia asubuhi hiyo hiyo mara kumi. Bora dogo aseme risiti za stoo.

Na kusema nilifanya sio kujisifu kama kweli ulifanya. Kujisifu ni kusema umeongoza timu wakati ulikuwa unaleta chai.

Jana tumefanya raundi ya pili, akaja na wenzake wawili wa chumba. Nimeitikia marahaba tatu mapema kabisa tukazimaliza. Nikamuuliza fildi. "Tuligun... niligundua risiti haziendani na daftari." Wenzake wakaanza kucheka nyuma, mmoja anasema "kumbe ni wewe!", na bando likakata.