Tuanze na samaki, ng'ombe asubiri

Tangu Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht aonyeshe jijini London mwaka 2013 baga yake ya nyama iliyokuzwa maabara kutokana na seli za ng'ombe, mjadala wa nyama ya maabara umemng'ang'ania ng'ombe. Naona tumeanzia pagumu. Wanaoihitaji teknolojia hii kwa haraka wako majini.

Chukua mkunga wa Ulaya, samaki mrefu mwembamba kama nyoka. Yumo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, na bado analiwa. Wengi hudhani ufugaji utamnusuru, lakini wafugaji wa mikunga hawazalishi vifaranga wao wenyewe. Hununua vitoto vilivyovuliwa, vyembamba na vyenye mwili unaoonyesha hadi ndani, vinapotoka baharini kuingia mitoni, kisha huvinenepesha kwenye matangi. Ufugaji huo ni uvuvi uliocheleweshwa tu. Ng'ombe hana shida hiyo: huyu akichinjwa, mwingine anazaa zizini.

Hata kiufundi samaki ana nafuu. Seli za ng'ombe hutaka joto la nyuzi 37 hivi mchana na usiku. Za samaki wengi hukua kwenye joto la chini zaidi. Ugumu mwingine ni uleule kwa wote. Tangi la kukuzia seli halina kinga kama ya mwili, hivyo bakteria wakipenya, mzigo wote unamwagwa. Usafi wa kiwango hicho ni ghali mno.

Halafu kuna suala la seramu, nalo linaniuma. Kwa miaka mingi seli zimelishwa maji ya damu ya ndama aliyekutwa tumboni mwa ng'ombe aliyechinjwa. Huwezi kunadi nyama isiyo na machinjio huku chakula chake kinatoka machinjioni. Kampuni kadhaa zimeshaachana nayo, na wakaguzi wangeipa kila kampuni sharti hilo.

Ukaguzi naukubali, marufuku siikubali. Singapore iliruhusu kuku wa seli mwaka 2020. Mwaka 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilimkagua samoni wa seli wa kampuni ya Wildtype na haikuwa na swali zaidi kuhusu usalama wake. Italia na jimbo la Florida wamefunga mlango kabisa, eti kulinda wafugaji. Mkunga hana chama cha wafugaji cha kumtetea bungeni. Fedha za umma za utafiti zianzie kwake, na matokeo yatolewe wazi ili kila maabara iyatumie.