Pai ya Mwezi wa Kumi na Nne
Mwanangu wa kidato cha pili kaja na karatasi: elfu tano, mchango wa Siku ya Pai. Nikauliza, pai ya nyama? Akaniangalia kwa huruma ya msomi. "Ya hisabati, baba. Ile namba unayopata ukigawa mzingo wa duara kwa kipenyo chake, 3.14 na ushee."

Kumbe mwaka 1988 huko San Francisco mwanafizikia Larry Shaw aliona Wamarekani wanaiandika Machi 14 hivi: 3/14. Hiyo si 3.14? Basi wakaandamana kwa kuzunguka duara, wakala pai za matunda. Tarehe hiyohiyo mwanafizikia Einstein alizaliwa, 1879, na mwanafizikia mwenzake Hawking akafariki, 2018, sasa nani abishe? UNESCO nayo ikabariki.

Lakini sisi tunaanza na siku. 3.14 kwa kalenda ya Kigoma ni tarehe 3 mwezi wa 14, mwezi ambao jirani ameahidi kunirudishia toroli langu. Pai yetu tuliyochapiwa viboko ni 22/7, Julai hiyo, na piga hesabu uone: iko karibu zaidi na pai yenyewe kuliko 3.14 yao. Nikagoma kuchangia kwa heshima ya taifa. (Hela sikuwa nayo.)

Asubuhi nikaenda kwa mama wa chapati pale Mwanga na rula na uzi.

"Dada, nipe moja, usiikunje."

Kipenyo, sentimita 14. Nikazungusha uzi: 44. Arobaini na nne kwa kumi na nne, si ndiyo 22 kwa 7! Nikasimama nitangaze.

"Baba Juma, unaishonea suti?"

"Dada, mwaka juzi ilikuwa 21."

"Mwaka juzi na wewe ulikuwa na nywele."

Foleni nzima hoi. Nikaeleza kwa utulivu kwamba kipenyo kimepungua theluthi tu, ila eneo limetoka sentimita za mraba 346 na nusu hadi 154, hata nusu haifiki, na bei ni ileile, ileile jamani, tunaliwa mchana kweupe! Nilipogeuka kuonyesha ushahidi, kijana wa bodaboda alikuwa anaumalizia na chai.

"Umeipima, umeinunua," akasema mama. Nikalipa.

Bajaji nayo imeongeza mia mbili, eti kipilefti inazungusha.

Halafu sokoni nimeona kisado cha dagaa, kitako kimebonyezwa ndani hadi karibu nusu. Hicho sasa ni ujazo. Mwanangu anasema ujazo hawajaufikia. Nimemwambia amuulize mwalimu wanaufikia lini, na mchango wake ni shilingi ngapi.