Datsun ya Coventry, mikono ya Changamwe

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi huwa nimeshafika gerejini kwa rafiki yangu hapa Coventry, ovaroli juu ya sweta mbili. Yeye ni Mwingereza wa miaka sabini na kitu, mstaafu aliyefanya kazi ya bodi maisha yake yote katika viwanda vya magari vya mji huu. Mimi ni mtoto wa Mombasa. Kilichotukutanisha ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, na huu ni mwaka wa tatu tunaifufua.

Vijana wa nyumbani huniuliza, kwa nini Datsun? Mtu wa rika la baba hawezi kuuliza. Gari la aina hii lilishinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, likashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka huo Mehta alifungana pointi na Harry Källström, naye pia yumo ndani ya Datsun, na ushindi akapewa Mehta kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kukatwa pointi ya kwanza. Baba alitusimulia hayo kama anayesimulia harusi yake.

Uingereza wanajua kutunza kitu cha zamani, na kwa hilo nawahusudu. Gari likishatimiza miaka 40 na halijabadilishwa sana, hulilipii kodi ya barabara wala hulazimiki kulipeleka ukaguzi wa kila mwaka, ingawa bado ni juu yako lisiwe hatari barabarani. Kwetu Kenya gari la zaidi ya miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa nchini. Sababu yake naielewa, hatutaki kuwa jalala la wengine. Lakini naona sheria ya bandarini imetuingia mpaka vichwani. Nilipokwenda likizo nilikuta Datsun 1600 nyuma ya nyumba ya jirani, ndugu wa ile iliyochukua Safari mwaka 1970, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Nikaambiwa inangoja mnunuzi wa vyuma chakavu, itauzwa kwa kilo. Iliniuma, na bado inaniuma.

Na hasara yetu ni kubwa zaidi kwa sababu mikono ya kuyafufua magari hayo tunayo. Huku ndiyo inayokwisha. Hili letu lilikuwa limeliwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu. Nilichokoa chuma cha chini ya mlango wa dereva kwa bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini. Rafiki yangu alikata bati, akalikunja, akaanza kulichomelea: kidogo hapa, halafu anahamia mwisho wa pili, halafu katikati, ili moto usilipinde. Nilikuwa kama namtazama ami yangu wa Changamwe, ambaye kutu ya bahari imemfundisha kazi ileile. Ila ami ana vijana wanne wanaomshikia taa na kuiba ujuzi kwa macho. Huyu ana mimi tu, mtu wa hesabu za ofisini. Ukipeleka kitu kibovu kwenye gereji nyingi za hapa, wanatoa na kuweka kipya. Kutengeneza hakumo.

Halafu kuna suala la watu. Gerejini kwa ami hukosi wazee watatu wasio na gari wala shida ya gari, wamekuja kukaa tu, kahawa inazunguka. Huku kumtembelea mtu ni kwa miadi. Miaka yangu ya mwanzo niliweza kumaliza wikendi nzima sijamwambia mtu neno. Hii Jumamosi ndiyo baraza yangu, na sidhani rafiki yangu anajua amenifanyia wema gani.

Wiki iliyopita tuliwasha injini. Ikawaka, lakini inakohoa. Nikampigia ami simu, nikaisogeza karibu na injini asikilize.

"Zima. Toeni plagi zote mniambie rangi zake."

Tukazipanga plagi hizo za kuwashia mafuta juu ya kitambaa: tatu za mbele kahawia, tatu za nyuma, zinazolishwa na kabureta ya pili, nyeupe.

"Basi kabureta ya nyuma inavuta hewa, mwanangu. Tazameni gasketi yake."

Kweli, gasketi hiyo, karatasi ya kuziba kiungo hewa isipenye, ilikuwa imechanika. Rafiki yangu akataka kuagiza nyingine kwenye intaneti, ifike baada ya wiki. Ami akauliza wiki ya nini, kwani karatasi ngumu hakuna? Nikatafsiri. Mzee wa watu akasimama kimya, akaniambia kuwa mara ya mwisho kukata gasketi kwa mkono alikuwa kijana mwanagenzi. Akafungua droo ya chini, akatoa nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo, akalaza karatasi juu ya mdomo wa kabureta, akaanza kuigonga pembeni polepole. Ami bado yuko kwenye simu, anasikiliza.

"Mwambie asigonge kwa nguvu," akasema, kisha baada ya kitambo, "Aa, huyo anajua."