King'amuzi cha Mama

Katika ukoo wetu mimi ndiye mtaalamu wa kompyuta. Cheo hiki nilikipata mwaka 2011, siku niliyochomoa karatasi iliyonasa kwenye printa ya parokia, na mpaka leo hakuna aliyenipokonya, ingawa kazi yangu hapa Arusha ni kuandika stakabadhi za mifuko ya saruji.

Kwa hiyo Mama alipotangaza kwamba anataka kompyuta, macho yote yalinigeukia mimi. Mama ni mwalimu mstaafu, anakaa Moshi pande za Rau, na ni katibu wa jumuiya. Mihtasari ya vikao alikuwa akiiandika kwa mkono, kisha anampelekea kijana wa steshenari achape. Siku moja kijana akachapa "yesu" kwa herufi ndogo. Uhusiano ukafia hapo hapo.

Dada yangu akashauri laptop. Mama akakataa. "Laptop ina miguu," alisema. "Itaondoka na mjukuu mmoja kwenda chuo, na mjukuu atarudi peke yake." Alitaka ya mezani, ya kukaa mahali pamoja, maandishi makubwa, na yote isizidi laki tano. "Nakwambia laki tano kwa sababu nakujua."

Nikaingia mtaani, karibu na Soko Kuu, kwenye maduka yanayouza kompyuta za mtumba zilizotumika maofisini Ulaya. Nilikuwa nimejiandaa. Shemeji yangu aliwahi kununua moja ya bei poa yenye diski ya zamani, ile inayozunguka. Ukiiwasha unachemsha chai, unakunywa, unaosha kikombe, ndipo inakukaribisha. Nikaapa: ya Mama itakuwa na SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, hata kama itabidi nile ugali mkavu mwezi mzima. RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, GB 8; prosesa, ubongo wa kompyuta, Core i5. Nilimtajia kijana wa dukani hayo yote bila kupumua, naye akanitazama kwa heshima, au kwa kitu kinachofanana nayo.

"Ya nani, bro?"

"Ya maza."

"Ya maza? Basi chukua hii mini." Akatoa kidude cheusi, Dell OptiPlex Micro, upana sentimita 18 hivi, unene hata 4 hazifiki. Kama kitabu cha nyimbo za kanisani kilicholowa mvua kikavimba. Prosesa yake ya wati 35, kwa hiyo hata luku haitalia. Haina kelele. Inapata umeme kwa chaja kama ya laptop. Laki tatu na nusu, na Windows 10 imeshawekwa.

"Ila Wi-Fi, bro?" akauliza.

"Maza ana ruta yake," nikajibu kwa kujiamini. Akanitazama tena kwa ile heshima yake, akanyamaza. Alikuwa anauliza kama najua kwamba ndani ya kompyuta hiyo hakuna kadi ya Wi-Fi. Hilo nililijua Jumamosi.

Pale pale dukani nikaiwekea nenosiri: jina la ng'ombe wetu wa zamani, Mama asije akalisahau. Kosa kubwa ni lililofuata. Monita niliyoitaka, ya inchi 22, ingefika Ijumaa. Badala ya kusubiri vyote viende pamoja, nikajiambia kidude kitangulie. Nikamkabidhi konda wa Coaster ya Moshi siku ya Jumanne. Kilomita 80 tu, jioni Mama akawa amekipokea.

"Mama, usikiguse mpaka nije Jumamosi."

"Sawa, baba."

Mwalimu aliyefundisha darasa la kwanza miaka 30 akikwambia "sawa", ujue amekusikia. Hajasema atafanya nini.

Alhamisi, saa moja asubuhi, simu ikaita.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Baba, nakushukuru kwa king'amuzi."

Nikanyamaza. Nikajiuliza ni king'amuzi kipi.

"Ni kizuri, picha yake ang'avu kabisa. Shida ni kwamba kina chaneli moja tu."

"Mama, kina… chaneli gani?"

"Hiyo ya bahari. Kuna pango, kuna mchanga, kuna mtu anakimbia. Nimemtazama tangu jana jioni. Anakimbia lakini hafiki."

Kama umewahi kuwasha kompyuta yenye Windows 10 mpya, picha hiyo unaifahamu. Ndiyo inayokaa kwenye skrini kabla hujaingiza nenosiri. Mama alikaa kwenye kochi na chai yake ya tangawizi, akasubiri kipindi kianze.

"Halafu hawa watu si wa hapa," akaendelea. "Leo si Alhamisi? Wao wameandika Wednesday. Nikasema hii ni chaneli ya nje, huko hawajafika Alhamisi."

Nilimuuliza nani ameunganisha. Fundi wa madishi, bila shaka. Mama alifungua boksi, akaona kidude cheusi, chaja, na tundu la HDMI sawa na lile la kwenye televisheni. Kwa akili ya kawaida, kitu chenye sura hiyo kinachokaa chini ya televisheni kinaitwa king'amuzi. Mimi mwenyewe ningekiona sebuleni kwa mtu nisingebisha.

Fundi alikuja Jumatano jioni. Alitafuta pa kuingiza waya wa dishi, hakuona. Lakini mafundi wa madishi, kamba ikikatika huunga. Nyuma ya kompyuta zile kuna kitundu kilichozibwa kwa plastiki, nafasi ya antena kwa zile zinazokuja na Wi-Fi. Akaisukuma plastiki kwa bisibisi, akaingiza ncha ya waya wa dishi, akaifunga kwa selotepu nyeusi raundi tano. Picha ikaja kwenye televisheni! Picha iliyoletwa na HDMI, lakini sifa zikaenda kwenye selotepu.

Baada ya dakika chache skrini ikazima yenyewe, kama zinavyozima skrini za kompyuta mpaka uziamshe. Fundi akatamka kitaalamu: "Kifurushi kimeisha, Mama."

Wakageuza kidude kutafuta namba ya kadi. Chini kuna stika yenye namba ya utambulisho, herufi na tarakimu saba. Fundi akajaribu kuilipia kifurushi kwa simu. Simu ikakataa, haitaki herufi. Akajaribu kuziruka herufi. Ikakataa. Akasema kampuni ina matatizo ya mtandao, akachukua elfu 15 zake, akaondoka.

"Mama, usijali," nikamwambia. "Mwambie arudi achomeke kile cha zamani, nami nakuja Jumamosi."

Kimya kidogo.

"Kile cha zamani nimempa jirani. Watoto wake walikuwa hawana katuni."

Jumamosi nikashuka Moshi na monita mapajani, tangu Usa River mpaka Boma Ng'ombe, dereva akitambaa kila penye kibao cha hamsini. Nilipofika Mama alikuwa amekaa mbele ya televisheni. Yule mtu bado anakimbia. Nikachomoa waya wa dishi kwenye kitundu cha antena. Selotepu ilitoka na kipande cha rangi.

Nikapanga monita, kibodi na mausi juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha kufuma. Nikaingiza jina la ng'ombe. Ikafunguka kwa sekunde chache, nikamgeukia Mama nipokee sifa.

"Sasa intaneti," akasema.

Nikatafuta Wi-Fi. Nikatafuta tena. Hapo ndipo swali la yule kijana wa dukani lilinirudia lote, pamoja na uso wake. Mpwa wangu aliye chuo, ambaye alikuwa kimya anakula ndizi, akasema bila kunyanyua kichwa: "Mjomba, hii haina Wi-Fi. Kanunue kile kidude cha USB." Nikaenda mjini. Niliporudi alikuwa ameshapekua kila kitu. "Halafu Mjomba, hii ni i5 ya kizazi cha sita. Windows 11 kwa Intel inataka kuanzia cha nane. Na hii 10, Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025."

Nilikuwa nimeinunua Novemba.

Akatulia, akaiandikisha kwenye ule mpango wa nyongeza ya mwaka mmoja, ipate masasisho ya usalama mpaka 13 Oktoba 2026. "Baada ya hapo tutamwekea Bibi Linux badala ya Windows, ni ya bure."

"Lino?" Mama akadakia kutoka jikoni. "Si alikuwa Papa baada ya Petro?"

Kwenye mipangilio ya saa nikakuta imewekwa kwa majira ya Pasifiki, pwani ya magharibi ya Marekani, saa 11 nyuma yetu. Huko kweli walikuwa hawajafika Alhamisi. Nikarekebisha kimya kimya. Sikuona sababu ya kumwongezea Mama ushindi mwingine kwa siku moja.

Kuhusu king'amuzi cha zamani, kumnyang'anya jirani katuni za watoto hakukuwezekana, kwa hiyo nilinunua kipya, na fundi akaitwa tena kukifunga. Alipoiona kompyuta mezani alinipa mkono akasema, "Mkuu, nilijua tu ile mashine siyo ya kawaida." Elfu 15 nyingine. Laki tano ya Mama ilishapitwa zamani. Nilipomtajia jumla alitikisa kichwa tu.

Jumapili jioni akapiga. Nikadhani ni muhtasari.

"Umeifanya nini kompyuta yangu? Sasa kuna milima na theluji."

Nikamweleza kwamba ikishapata intaneti inabadilisha picha yenyewe kila siku.

"Sikuiomba ibadilishe."

Nikamwelekeza mpwa kwa simu, akaingia kwenye mipangilio, akalikuta pango, akalirudisha lisibanduke tena. Tangu hapo mihtasari ya jumuiya inatoka safi, herufi kubwa kila panapostahili. Juzi nikamuuliza mashine inaendeleaje.

"Nzuri sana, baba," akasema. "Ila yule bado hajafika."