Onyesho huharibika saa kumi jioni

Tamasha likiisha vibaya Dar es Salaam, lawama huwa ni zilezile: msanii kachoka, spika hazikutosha, mwandaaji bahili. Huenda zote ni za kweli. Lakini mimi naamini kosa kubwa hutendeka mapema zaidi, saa kumi jioni, uwanja ukiwa bado na mafundi na wauza maji tu. Sauti haikupimwa. Bendi imefika magharibi, vyombo vimeshushwa kwenye Fuso saa mbili usiku, waya zinachomekwa watu wameshaanza kuingia, na nyimbo tatu za mwanzo zinageuka kuwa majaribio. Shabiki amelipa kiingilio ili ajaribiwe yeye.

Kupima sauti kwa bendi ya watu kumi na wawili hakuhitaji siku nzima. Dakika 90 zinatosha kama kila mtu yupo na vyombo vyake. Fundi mitambo anaanza na waya mojamoja, kuhakikisha kila maikrofoni inafika kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, na haina mkwaruzo. Kisha dramu: ngoma ya mguu, sneya, matoazi. Halafu besi, magitaa, kinanda, wapulizaji, na mwisho waimbaji. Baada ya hapo bendi nzima ipige nyimbo mbili, mmoja wa taratibu ili sauti za waimbaji zipangwe, na mwingine uingie mpaka kwenye chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka watu wakacheza, kwa sababu pale ndipo kila mpigaji huongeza nguvu bila kujijua. Vipimo vilivyokaa vizuri kwenye ubeti wa kwanza huvunjika chemko ikianza.

Pakiwa na wasanii wengi usiku mmoja, anayepanda jukwaani mwisho ndiye apimwe kwanza, na wa kufungua apimwe mwisho, ili vyombo vyake vibaki vimepangwa hivyohivyo milango ikifunguliwa. Mikisa za kidijitali huhifadhi vipimo vya kila msanii, fundi akavirudisha kwa kubonyeza kitufe. Lakini mashine haiwezi kurudisha kipimo ambacho hakikuchukuliwa.

Muziki wa dansi ndio unaoumia zaidi. Msondo Ngoma, ambao mizizi yake ni NUTA Jazz ya mwaka 1964, na Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, wale Wana Sikinde, walijenga muziki ambao hakuna gitaa linalofanya kazi yote peke yake. Gitaa la solo linatoa kauli, solo ya pili inajibu kwenye mwanya ulioachwa, gitaa la rithimu linashona katikati, besi inabeba. Ondoa rithimu na utamsikia mpiga solo kama mtu anayejibizana na ukuta. Ndiyo maana nasema wazi: kipimo cha fundi mitambo kwenye ukumbi wa dansi si sauti ya mwimbaji, ni kama rithimu inasikika.

Kwenye baa nyingi za Dar, spika kubwa hubeba waimbaji tu. Kila gitaa linatoka kwenye amplifaya yake iliyowekwa sakafuni nyuma ya mpigaji. Hapo ndipo balaa linapoanza. Amplifaya ikiwa chini, sauti yake kali inapiga magoti ya mwenyewe na kwenda moja kwa moja kwenye masikio ya walioketi mbele. Yeye anadhani hasikiki, anaongeza. Wa pili anaongeza ili asizidiwe. Mpiga dramu anapiga kwa nguvu zaidi, waimbaji hawajisikii, wanaomba monita, yaani spika inayowarudishia sauti yao jukwaani, ipandishwe, monita inapandishwa mpaka maikrofoni zinaanza kulia. Dawa yake haina gharama yoyote: pandisha amplifaya juu ya kreti la soda, ilaze kidogo kuelekea kichwani kwa mpigaji. Atasikia ukali wake mwenyewe na atapunguza bila kuambiwa.

Zile rekodi za Redio Tanzania Dar es Salaam za miaka ya 1970 na 1980 zilichukuliwa bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Uwiano unaousikia mle uliletwa kwanza na wapigaji wenyewe, kila mmoja akijua lini ashuke. Ujuzi huo haujafa. Unahitaji tu jukwaa ambalo watu wanasikilizana.

Huo mlio wa mluzi unaowafanya watu wazibe masikio una sababu moja: maikrofoni imeisikia spika na kuirudishia sauti yake, mzunguko ukawa hauishi. Maikrofoni nyingi za kuimbia zimetengenezwa ziwe kiziwi upande wa nyuma, ndiyo maana monita huwekwa sakafuni ikimtazama mwimbaji, mgongoni mwa maikrofoni. Sasa vijana wetu wengi wa Bongo Fleva na singeli hushika maikrofoni kwa kufumbata kile kichwa chenye wavu. Mkono ukiziba pale, uziwi ule unaondoka, maikrofoni inasikia pande zote, mluzi unakuja, na maneno yanatoka kama mtu kafunikwa shuka. Shika mpini. Weka mdomo upana wa vidole viwili au vitatu kutoka kwenye wavu.

Singeli inastahili neno lake. Huu ni muziki wa uswahilini kwetu, wenye kasi inayovuka midundo 200 kwa dakika, na anayeghani juu yake anabeba maneno mengi kuliko msanii mwingine yeyote jijini. Adui yake ni ukuta. Kwenye joto letu sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde. Ukuta ukiwa mita 50 mbele ya spika, sauti inakwenda na kurudi mita 100, yaani inachelewa kama sekunde 0.29 kwa watu walio karibu na jukwaa. Kwenye wimbo wa midundo 210 kwa dakika, muda huo ni mdundo mmoja kamili. Kwa hiyo mdundo unasikika safi kabisa, wachezaji hawaoni kasoro, lakini kila neno linaangukiwa na lililotangulia. Watu wanatoka wakisema kijana haeleweki, na kumbe alitamka vizuri. Spika zielekezwe chini kwa watu, zisitazame ukuta. Uwanja ukiwa mrefu, ziwekwe spika ndogo katikati na zicheleweshwe: zikiwa mita 35 kutoka jukwaani, zinahitaji ucheleweshwaji wa milisekunde 100 ili sauti zote mbili zimfikie msikilizaji kwa pamoja.

Kwenye kumbi za bati na sakafu ya saruji hesabu ni nyingine. Ukumbi mtupu una mwangwi mkubwa kuliko ukijaa, kwa sababu miili na nguo hunyonya sauti. Fundi mzuri hushangaa kidogo tu saa kumi jioni, akijua saa tano usiku ukumbi utatulia wenyewe.

Kuhusu pleibeki, yaani kupanda jukwaani na muziki uliorekodiwa, msimamo wangu hauna makali ya wale wanaotaka kila mtu aje na bendi. Singeli imezaliwa kwenye kompyuta, na mdundo kutoka kwenye mashine ndiyo asili yake. Msanii wa Bongo Fleva akiimba kwa koo lake juu ya mdundo uliorekodiwa, ametimiza ahadi. Ninachokipinga ni wimbo mzima, pamoja na sauti yake, kuchezwa huku yeye akirukaruka. Ni rahisi kugundua. Maikrofoni inashuka kiunoni na sauti haipungui. Anakimbia kutoka upande mmoja wa jukwaa hadi mwingine na huisikii pumzi. Nyuma yake dramu inapigwa, matoazi yanatikisika, lakini unachokisikia hakilingani na mkono wa mpigaji. Tangazo likisema laivu, ile sauti iwe ya usiku ule.

Wapi usimame? Mtafute fundi mitambo. Mikisa yake ikiwa mbele ya jukwaa katikati, simama karibu naye, kwa kuwa masikio yake ndiyo yaliyoamua sauti, na pale alipo ndipo inapokaa sawa. Mikisa ikiwa imefichwa pembeni au nyuma ya spika, fahamu kwamba anakisia. Epuka kona za ukumbi, besi hujikusanya huko mpaka inakula kila kitu. Uwanja wa wazi, kila ukizidisha umbali mara mbili unapoteza kama desibeli 6 za ukubwa wa sauti, hivyo hakuna sababu ya kubanana mita mbili mbele ya spika. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 liliweka ukomo wa wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15 kwenye kumbi na matamasha. Mbele ya spika kiwango hicho huvukwa kirahisi. Vizibo vya sponji vya masikioni ni vya bei ndogo, na havikuzuii kufurahi.

Umeme nao usisahaulike. Taa na sauti zikichota laini moja, utasikia mvumo wa kudumu kwenye spika, na unabadilika kila taa zikipunguzwa au kuongezwa. Zitenganishwe tangu kwenye jenereta. Waya nyembamba ndefu iliyoachwa imeviringishwa huku ikibeba mzigo mkubwa hupata moto, nguvu inapungua, na amplifaya huanza kukata kwenye kila pigo la besi. Ikunjueni yote.

Na kuna unyevu wa pwani, ambao bendi zinazotoka bara huusahau. Ngozi ya tumba iliyokazwa mchana juani hulegea upepo wa bahari ukishaingia usiku, sauti ikashuka na kuwa butu. Inabidi ikazwe tena dakika chache kabla ya kupanda jukwaani, na taulo kavu liwe karibu. Nyuzi za gitaa nazo huota kutu haraka hapa, hivyo wapigaji hubadilisha mara kwa mara, na wengi hufanya hivyo siku hiyohiyo ya onyesho. Nyuzi mpya hurefuka. Solo inaanza juu, kufikia wimbo wa nne iko chini ya rithimu, na chemko nzima inasikika chungu. Zifungwe jana yake, zivutwe kwa mkono, zikazwe upya mara tatu au nne mpaka zitulie.