Siku Bibi Alipokuta Msiba Wake

Ukitaka kujua ardhi ya nchi hii ina wenyewe wangapi, pita kijijini na ditekta begani, ile mashine inayolia ikipita juu ya chuma kilichofukiwa. Shamba ambalo tangu masika mawili yaliyopita halijaona jembe, magugu yamefika kiunoni, litapata wenyewe wanne kabla hujafungua zipu ya mfuko. Mmoja atakuwa amelirithi kwa baba, mwingine kalinunua kwa mdomo, wa tatu alikopeshwa, na wa nne ni shemeji tu lakini ana uchungu nalo kuliko wote.

Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, na ninachotafuta ni sarafu za zamani. Nasema hivyo kila ninapokwenda na haamini mtu. Tabora ndiyo kabisa. Kule kila mtu anajua kwamba mwaka 1916, Wajerumani walipobanwa na vita na pesa zikawakatikia, walianza kugonga sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli pale pale mjini. Za dhahabu zilikuwa za rupia 15, zina picha ya tembo, na dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke. Zilitengenezwa kama 16,000 hivi. Mwezi Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia wakitokea Kongo, Mjerumani akaondoka. Hiyo ndiyo historia. Baada ya hapo zinaanza hadithi: kwamba lilibaki sanduku, kwamba lipo chini ya mwembe fulani, kwamba kuna mzee analijua. Nimeshakutana na wazee kadhaa wanaolijua. Wote walihitaji nauli kwanza.

Unachokipata kweli ni vizibo vya soda. Vizibo, misumari ya mabati, betri za redio, karatasi za sigara zile za kung'aa ambazo ditekta inazililia kwa sauti tamu kuliko fedha halisi. Siku ya bahati unapata senti ishirini ya mbuni au shilingi ya mkoloni yenye simba. Siku ya bahati sana, unapata heller ya Mjerumani yenye tundu katikati na taji juu ya tundu. Ukipata hiyo, angalia herufi ndogo iliyogongwa juu yake: A ni Berlin, J ni Hamburg, na ukikuta isiyo na tundu, yenye T ya mwaka 1916, kaa chini unywe maji, hiyo ni ya Tabora yenyewe.

Sasa huyu Bibi. Shamba lake liko nje ya mji, si mbali na reli, mahali ambapo nilihisi watu walikuwa wakipita na kupumzika tangu zamani. Niliingia kwa adabu.

"Mwangaluka, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Kinyamwezi chako kina chumvi ya bahari. Mtu wa wapi?"

"Mzaramo, Bibi."

Akapiga makofi. "Mtani! Karibu, mwizi wewe. Mababu zetu wamebeba pembe mpaka Bagamoyo, mkawauzia hadi maji ya kunywa. Leo umeleta deni?"

Anayejua utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani ataelewa kwamba hapo nilikuwa nimeshapokewa. Nikamweleza shida yangu, nikatoa na karatasi, maana mimi bila karatasi sichimbi. Imeandikwa nani mwenye shamba, nani mtafutaji, tutagawana vipi, mashimo yatafukiwa, na kwamba kikitokea kitu cha kabla ya mwaka 1863 tunaacha kama kilivyo na kutoa taarifa, kwa sababu hivyo ndivyo Sheria ya Mambo ya Kale inavyovihesabu, na mimi sina hamu ya kulala mahabusu kwa ajili ya kigae. Shamba lenyewe lilikuwa na hati ya kimila, jina la Bibi limeandikwa wazi. Mwenyekiti akagonga muhuri. Bibi akaweka dole gumba, halafu akaweka sharti la mdomo.

"Chimba popote. Ukipata dhahabu ni yangu, ukipata mavi ya ng'ombe ni yako. Ila pale kwenye rundo la samadi usiguse. Marehemu mume wangu alifukia zindiko pale."

Zindiko tena! Nikamhakikishia kwamba hata kivuli changu hakitafika. Bibi akajitwisha mahindi yake, akapanda bodaboda kwenda mashineni kusaga, nami nikaanza na upande wa pili kabisa wa shamba, nikaokota kizibo changu cha kwanza kwa moyo mweupe.

Hapo ndipo alipotokea mwanawe mkubwa.

"Nani kakupa ruhusa?"

Nikamwonyesha karatasi, dole, muhuri. Aliisoma yote, akaikunja vizuri, akaniambia shamba la baba ni la mtoto wa kiume, hati ni karatasi tu. Nikadhani ananifukuza. Kumbe ananipa ruhusa nyingine, yake, kubwa zaidi. Tangu utotoni, alisema, wamekatazwa kucheza kwenye ile samadi. Zindiko gani linalindwa na mama miaka yote hiyo na wezi bado wanaiba mihogo? Pale, kaka, kuna kitu.

Nilikataa. Akachukua ditekta mwenyewe, akaenda nayo kwenye samadi kama anayepalilia, na ile mashine, ambayo kwangu asubuhi nzima ilikuwa ikiguna guna tu, ikapiga kelele hadi kuku wakatawanyika.

Hapa nieleze kidogo. Sarafu hulia mara moja, kwa mkato, na ukigeuka ukapitisha kutoka upande mwingine inalia pale pale. Chuma kirefu hulia ncha hii na ncha ile, kwa sauti ya kukwaruza. Hiki kililia kuanzia kwenye samadi mpaka karibu na kisiki. Nikamwambia, "Kaka, hiki ni chuma. Tena kirefu." Yeye akasikia "sanduku."

Alichimba mwenyewe. Jembe la kwanza, la pili, samadi ikiruka. Na kwa kuwa mlio ulikuwa mrefu, shimo nalo likawa refu. Kwa kuwa alitaka lifike chini kwa heshima, kingo akazinyoosha. Alipochoka, akaniomba niingie nipime kama tumekaribia. Nikaingia, nikavaa hedifoni masikioni nisikie vizuri, nikainama. Yeye akasimama juu ya shimo, mkono shavuni, anawaza atakavyojenga nyumba ya tofali za kuchoma.

Sasa mtazame mama mmoja jirani anayepita na ndoo ya maji. Anaona nini? Anaona mlango wa Bibi umefungwa mchana kweupe. Anaona mwanawe mkubwa kashika tama. Anaona shimo la urefu wa mtu, kingo zimenyooka, udongo umelundikwa upande mmoja. Na ndani ya shimo yumo Mzaramo. Kwenye msiba wa Mnyamwezi, mtani ndiye anayehangaika, ndiye anayetania wafiwa na kuzuia jeneza mpaka alipwe. Mama yule hakuhitaji kuuliza. Alitua ndoo, akashika kichwa, akapiga yowe ambalo nimeelezwa lilisikika hadi ng'ambo ya reli.

Mimi sikusikia. Nilikuwa na hedifoni.

Nilichokiona nilipoinua kichwa kutafuta sururu ni miguu. Miguu mingi. Wanawake wamefunga vitenge viunoni, wengine wameketi chini wananyoosha miguu, mmoja anagaagaa. Kuni zinashushwa. Mtu kaja na unga kwenye beseni, mwingine na kuku wawili, tayari sufuria kubwa la shughuli linabingirishwa kutoka nyumba ya tatu. Mwenyekiti, yule yule wa muhuri, kaketi kwenye kiti cha plastiki, daftari gotini, anaandika rambirambi: jina, kiasi, jina, kiasi.

Utasema, mwanawe si angewaambia? Ndiyo, angeweza. Lakini akisema hatuchimbi kaburi, ataulizwa tunachimba nini, na akisema tunachimba dhahabu, kijiji kizima kitakuwa na hisa. Kwa hiyo kila aliyemshika mkono na kumuuliza imekuwaje, alijibu, "Tumshukuru Mungu kwa yote."

"Alianza kuugua lini?"

"Kazi ya Mungu haina makosa."

"Kwani jana si nilimwona kisimani?"

"Ndiyo dunia."

Nikavua hedifoni. Kilio kikanijia chote kwa mkupuo. Mzee mmoja akaniinamia shimoni, akanipa pole, akaniambia, "Mtani, ongeza kina kidogo, fisi wapo."

Nilifungua mdomo nieleze, na hapo hapo bodaboda ikaingia uani na Bibi kapakiwa nyuma, mfuko wa unga mapajani.

Aliona watu, akaona vitenge, akasikia kilio. Hakuuliza. Aliruka kutoka kwenye pikipiki, akautupa mfuko ukapasuka, akaangua kilio yeye mwenyewe kwa nguvu zote, "Uwiii, mmeniacha na nani mimi!" Akajitupa katikati ya wanawake, wakamdaka, wakamkumbatia, wakalia naye kwa sekunde kadhaa kabla mmoja hajamtazama usoni vizuri. Huyo alinyamaza. Akasogea nyuma polepole. Kisha wa pili. Kisha wakakimbia kwa mkumbo, beseni la unga likapinduka juu ya unga uliokwisha mwagika.

Bibi akabaki peke yake katikati ya ua, mweupe kwa unga kuanzia nywele hadi viatu, jambo ambalo halikusaidia.

"Kafa nani?" aliuliza.

Mwenyekiti, ambaye kwa kazi yake hakuruhusiwa kukimbia, akatazama daftari. "Wewe."

Ilichukua muda kueleweshana. Niliitoa ile karatasi, nikaonyesha dole na muhuri, nikaonyesha ditekta, nikaililisha kwa sarafu ya mfukoni ili waone. Watu wakarudi mmoja mmoja. Vicheko vikaanza kwa vijana. Nikafikiri tumeokoka. Kisha Bibi akatambua shimo liko wapi.

"Nilikwambia nini kuhusu samadi?"

"Ruhusa kanipa mwanao, Bibi."

"Mwanangu ana shamba gani?"

Kabla mwanawe hajajibu, kijana mmoja aliyeruka shimoni kwa udadisi akavuta kitu kilichochomoza, akavuta tena, na mbele ya waombolezaji wote ikatoka plau. Plau ya ng'ombe, nzima, ina kutu lakini nzima, mikono yake miwili juu kama mtu aliyekamatwa.

Watu wa makumbusho wana darubini na vitabu vyao vya kutambulia vitu. Sisi tulikuwa na mzee jirani. Alitoka nyuma ya umati kwa mkongojo, hakuhitaji hata miwani.

"Hiyo plau ni yangu. Ilipotea mwaka wa El Niño."

Kimya. Bibi akatazama mawingu.

"Unaijuaje?" mwenyekiti akauliza, akifungua ukurasa mpya.

"Mkono wa kushoto ulivunjika, ukachomelewa. Tazama pale. Na kwenye bolti ya huo mkono, ile wasa iliyo chini ya nati si wasa. Ni hela ya Mjerumani, aliiweka baba yangu."

Nikapiga magoti. Nikafuta udongo kwa dole, taratibu, nisikwaruze. Chini ya nati, imebanwa, tundu lake limepanuliwa kwa msumari kupitisha bolti, nikaona ukingo wa taji. Nikafuta zaidi: mwaka, 1910. Heller yenyewe. Mikono ilikuwa inanitetemeka. Katika kijiji chote kile, mtu pekee aliyekuwa na furaha ya kweli alikuwa mimi, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Mzee alikuwa anapiga hesabu ya kodi ya plau tangu El Niño, gunia moja kila msimu. Bibi alikuwa anasema marehemu hajibu mashitaka, na kwamba plau huenda ilizama yenyewe, mvua zile zilikuwa nyingi. Mwanawe alikuwa bado shimoni anachokonoa chini ya pale plau ilipolala, maana sanduku linaweza kuwa chini yake.

Nilimwomba mzee aniuzie ile wasa tu. Nilimwahidi wasa mpya pakiti nzima, na nati zake.

"Ukiitoa hiyo mkono utacheza," akasema.

"Hailimi tena, Mzee. Ina kutu."

"Basi nipe pikipiki."

Nikapiga picha. Ndicho nilichoondoka nacho.

Likabaki suala la rambirambi. Wengine walitaka warudishiwe, hasa mwenye kuku, lakini kuku walikuwa wamekwisha nyonyolewa. Bibi akasimama, akajipangusa unga, akatangaza kwamba machozi aliyaona kwa macho yake, hela imeandikwa daftarini kwa jina lake, na siku atakapokufa kweli mtu asichangishwe tena, ameshalipiwa. Akageukia kwangu: mtani umenichimbia kaburi na hukunizika, hiyo ni faini. Nikatoa ya sukari kilo mbili. Watu wakala ugali na kuku, mzee jirani naye akala, amekalia plau yake.

Wakati naifunga ditekta kwenye mfuko, Bibi akanisogelea, akanishika kiwiko, akashusha sauti.

"Mtani. Kesho njoo upitishe hiyo mashine kwa yule mzee, nyuma ya zizi lake. Marehemu mume wangu alipotelewa na baiskeli mwaka ule ule."

"Shamba ni lake, Bibi. Itabidi nimwombe ruhusa."

"Ya nini kumsumbua mzee wa watu? Lete karatasi, ruhusa nakupa mimi."