Washington kwenye theluji, na shahidi aliyeishi nyumbani kwake

Kuna picha ambayo Wamarekani wengi wanaifahamu: George Washington, ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa Marekani, amepiga magoti kwenye theluji ya Valley Forge, kambi ya jeshi lake wakati wa vita vya uhuru dhidi ya Waingereza, majira ya baridi ya 1777 kuingia 1778, farasi wake kando, akimlilia Mungu alinusuru jeshi lililokuwa na njaa. Kila Jumatatu ya tatu ya Februari, taifa lile linapoadhimisha kuzaliwa kwake, unarudi ubishi wa miaka mingi: je, marais wa mwanzo waenziwe kama watu wa imani, au imani hiyo wamevishwa na waliokuja nyuma yao?

Wanaotaka waenziwe wana hoja nzito. Washington alikaa kwenye baraza la kanisa la Kianglikana katika parokia ya Truro, Virginia. Tarehe 3 Oktoba 1789, miezi mitano tu baada ya kula kiapo, alitangaza siku ya taifa zima kumshukuru Mungu. Kwenye barua zake neno Majaliwa linajirudia tena na tena, na katika hotuba yake ya kuaga alisema dini na maadili ni nguzo ambazo ustawi wa taifa hauwezi kukosa. Tena alikuwa mtu wa kuachia madaraka. Desemba 1783, vita imekwisha kwa ushindi na jeshi linamtii, alikwenda Annapolis akarudisha cheo chake mbele ya Bunge, akaenda zake shambani. Baada ya mihula miwili ya urais akaondoka tena, wakati hakuna sheria iliyomlazimisha. Waganda walioona ukomo wa mihula ukifutwa kwenye katiba mwaka 2005 hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo.

Upande wa pili nao una ushahidi. Kisa cha maombi ya Valley Forge kilienezwa na Mason Weems, mhubiri na muuza vitabu aliyeandika baada ya Washington kufariki, yuleyule aliyetuletea hadithi ya Washington mtoto aliyekata mti wa mcheri wa baba yake kisha akakiri. Kanisani Philadelphia, mji mkuu wa wakati huo, Washington alizoea kutoka kabla ya Meza ya Bwana. Mchungaji James Abercrombie alipohubiri kuhusu wakubwa wanaotoa mfano mbaya kwa kuondoka, rais alijua anasemwa yeye. Tangu hapo, Jumapili za ushirika hakuja kabisa. Thomas Jefferson, rais wa tatu, alichukua wembe akakata Injili, akabakiza mafundisho ya Yesu na kuacha miujiza na ufufuo. Na mwaka 1797 John Adams, rais wa pili, alitia sahihi mkataba na Tripoli, dola ya Kiislamu ya Afrika Kaskazini, unaotamka kwamba serikali ya Marekani haikujengwa kwa namna yoyote juu ya dini ya Kikristo. Seneti iliupitisha bila kura hata moja ya kupinga.

Kwangu mimi, hayo hayawapunguzii heshima. Yanaihamishia mahali pake. Agosti 1790 Washington aliwaandikia Wayahudi wa Newport, Rhode Island, watu wachache waliozoea kuishi kwa hisani ya wengine. Aliwaambia kwamba sasa hakuna tena kuvumiliwa kana kwamba kundi moja linalifadhili jingine; serikali hii haiungi mkono chuki ya dini wala haiwasaidii wanaowatesa wenzao. Kisha akachota maneno ya nabii Mika: kila mtu ataketi chini ya mzabibu wake na mtini wake, wala hapana wa kumtia hofu. Barua hiyo ipo. Haihitaji theluji wala farasi. Anayetaka kuheshimu imani na uongozi wa mtu huyu aanzie hapo, kwa sababu hapo imani ya mwenye nguvu ilimlinda asiye na nguvu.

Lakini ndani ya nyumba yake palikuwa na watu ambao mtini huo haukuwafunika. Ona Judge, msichana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa mtumwa aliyemhudumia Martha Washington chumbani. Mei 1796, familia ikifungasha huko Philadelphia kurudi Virginia, naye alifungasha vyake kimyakimya, kwa kuwa alijua akirudi huko hataupata uhuru kamwe. Akatoka wakati wenyewe wanakula chakula. Akapanda meli hadi New Hampshire. Tarehe 1 Septemba Washington alimwandikia waziri wake wa fedha akitaka msaada wa kumrudisha. Tarehe 19 mwezi huohuo magazeti yakachapa hotuba yake ya kuaga, ile ya nguzo za dini na maadili. Nimeshindwa kuisoma karatasi moja bila kuiwazia ya pili.

Wosia wa 1799 uliwaacha huru watumwa 123 waliokuwa mali yake mwenyewe, na hilo ni jambo ambalo Jefferson hakulifanya. Ona hakuhusika, kisheria alikuwa mali ya ukoo wa mume wa kwanza wa Martha, na aliishi mtoro hadi alipofariki mwaka 1848.

Miaka ya 1840 waandishi waliopinga utumwa walimfuata. Aliwaambia hakuwahi kumsikia Washington akiomba. Bibi Washington alikuwa akisoma sala, lakini hilo yeye hakuliita kuomba. Waandishi wale walikuwa na jambo la kupigania, ni kweli. Na mtu anaweza kuomba chumbani mlango umefungwa, kama Yesu mwenyewe alivyofundisha. Hata hivyo, kati ya wote walioandika juu ya imani ya Washington, ni wachache mno waliolala chini ya paa lake miaka yote ile.

Ona alijifunza kusoma akiwa mtorokaji, akaokoka hukohuko. Aliishi maisha ya shida, mume na watoto wake wakatangulia kufa. Alipoulizwa kama anajuta kumwacha Washington, kwa kuwa tangu hapo amefanya kazi ngumu zaidi, alijibu: "Hapana. Mimi ni huru, na naamini kwa njia hiyo nimefanywa mtoto wa Mungu."